Mgema, Tembo na Wenye Kuonja: Sifa za Wahakiki na Safari ya Slowdive

Methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji imetumiwa kwa vizazi vingi kuwaonya wasanii wasilewe sifa, na maana yake ya kawaida huliweka kosa lote kwa mgema, yaani fundi ambaye, akishajua kwamba watu wanamsifia, hulegeza mkono na kuiharibu kazi ile ile iliyomletea jina. Juu ya mwenye kuonja, methali hiyo iko kimya, kana kwamba ulimi wake ni mizani isiyoyumba. Historia ya Slowdive, kundi la Uingereza lililopiga muziki wa popu ya ndoto na roki mbadala, inalazimisha upande huo wa pili uangaliwe, kwa sababu albamu yao iliyo maarufu kuliko zote haikubadilishwa hata noti moja tangu ilipotoka mwaka 1993, na bado wanywaji waliitema mbele ya watu, wakakaa miaka ishirini, kisha wakarudi na vibuyu mkononi. Makala haya yanaifuata historia hiyo kwa msaada wa yale ambayo wanamuziki wenyewe wameyasimulia hadharani, pamoja na kumbukumbu za mwandishi wake, aliyewahi kuhakiki muziki katika gazeti la Kiswahili, ili kuuliza sifa ya mhakiki hupima nini hasa: kazi yenyewe, au saa ambayo kazi hiyo imesikika.

Popu ya ndoto ni jina la muziki uliochipuka Uingereza katika miaka ya 1980, ambamo sauti ya mwimbaji huchanganywa na magitaa na vinanda hadi isitofautike navyo kwa urahisi, na ambamo hali ya moyo inayojengwa na mlio mzima hupewa uzito kuliko ujumbe wa maneno. Kundi la Cocteau Twins, kutoka mji wa Grangemouth huko Scotland, ndilo linalotajwa zaidi kuwa liliweka msingi wake, ila jina lenyewe huhusishwa na vijana wawili wa London wenye asili ya Afrika, Alex Ayuli na Rudy Tambala wa kundi la A.R. Kane, waliolitumia kuueleza muziki wao kabla wahakiki hawajaliokota. Roki mbadala ni mwavuli mpana zaidi, unaozifunika bendi za magitaa zilizokataa kanuni za roki ya viwanja vikubwa na redio za biashara. Neno “huru”, ambalo huambatana na aina zote mbili, lilimaanisha kwamba kampuni iliyorekodi na kuuza santuri haikuwa mali ya makampuni makubwa ya kimataifa, jambo lililowapa wasanii nafasi ya kujaribu lakini likawanyima fedha za matangazo. Kwa hiyo maneno ya mhakiki katika magazeti ya muziki ya kila wiki, hasa Melody Maker na NME, ndiyo yaliyokuwa tangazo lao kuu, na mara nyingi la pekee.

Slowdive liliundwa mwaka 1989 katika mji wa Reading, magharibi mwa London, na Neil Halstead na Rachel Goswell, waliokuwa marafiki tangu utotoni, wote wawili wakiimba na kupiga magitaa. Waliungana na Nick Chaplin kwenye besi na Christian Savill kwenye gitaa la tatu, na baada ya wapiga ngoma wa mwanzo kuondoka, nafasi hiyo ikashikwa na Simon Scott. Walikuwa na umri wa takribani miaka 20 walipochukuliwa na kampuni ya Creation, iliyoongozwa na Alan McGee, na rekodi yao ya kwanza, santuri fupi yenye jina la kundi, ilitoka mwishoni mwa mwaka 1990. Magazeti ya kila wiki yaliipokea kwa maneno makubwa, na santuri fupi mbili zilizofuata mwaka 1991 zikazidi kuwapandisha, hata kabla kundi halijatoa albamu moja kamili au kuzunguka nchi vya kutosha kujua ni nyimbo zipi zinasimama jukwaani na zipi zinalala.

Ili kuelewa kilichosifiwa, kifaa kimoja kinatosha kuwa mfano. Ni kisanduku bapa cha Yamaha kiitwacho FX500, ambacho hupokea mlio wa gitaa na kuurudisha ukiwa umebadilishwa, na ndani yake mna mpangilio mmoja uliopewa jina lenye maana ya picha yenye kingo laini, ambao kundi hili liliutegemea sana. Kwa kawaida mpiga gitaa akigusa uzi, mlio huanza na ncha kali, kisha hufifia. Kupitia mpangilio huo ncha ile hupotea, na mlio huingia taratibu, ukijaa kama moshi wa ubani unavyojaa chumbani kabla mtu hajaona chetezo kimewekwa wapi, halafu huacha mwangwi mrefu unaokutana na mwangwi wa mguso unaofuata. Katika “Alison”, wimbo unaoifungua albamu ya pili, magitaa hayo hutandikwa chini, na juu yake sauti za Halstead na Goswell husogea pamoja bila yeyote kumpita mwenzake, zikiwa zimeshushwa kiasi kwamba msikilizaji hulazimika kuzifuata, tofauti na nyimbo nyingi za redio ambamo sauti ndiyo inayomfuata msikilizaji. Katika “Souvlaki Space Station”, besi huchukua mwendo wa dabu, ule ufundi wa mafundi mitambo wa Jamaika wa kuuvua wimbo mpaka ubaki besi, ngoma na mwangwi, na magitaa huzunguka juu yake kama ndege wasiotaka kutua.

Albamu ya kwanza, Just for a Day, ilitoka Septemba 1991, mwezi ule ule ambao kundi la Nirvana kutoka Marekani lilitoa Nevermind, na katika ukaribu huo wa tarehe mna sehemu kubwa ya maelezo ya yaliyofuata. Masikio ya vijana yaligeukia magitaa makavu na makelele ya hasira, na mlio wa ukungu kutoka Reading ukaanza kuonekana kama anasa ya watoto wa nyumba nzuri. Magazeti yaliyokuwa yamewainua yalikuwa tayari yamewatungia wanamuziki wa aina hii majina ya kejeli. Moja liliwaita watazama-viatu, kwa sababu walipokuwa jukwaani waliinamisha vichwa kuangalia pedali za miguuni zinazobadilisha mlio wa gitaa, na jingine liliwaita genge linalojishangilia lenyewe, kwa sababu walihudhuria maonyesho ya wenzao na kuonekana wakinywa pamoja. Majina hayo hayakusema lolote juu ya muziki. Yalisema juu ya shingo na urafiki, na ndiyo yaliyoshika.

Hukumu ya haki inadai ikubaliwe kwamba Just for a Day haikuwa kazi iliyoiva. Nyimbo zake kadhaa hutumia rangi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, mwangwi umewekwa hata mahali ambapo ukimya ungefanya kazi zaidi, na mtunzi huonekana akiamini kwamba mlio mzuri unaweza kuziba pengo la wimbo ambao haujamalizika. Mhakiki makini wa mwaka 1991 angeweza kuyasema hayo kwa utulivu na kuwasaidia vijana wale, lakini waliowasifia walikuwa wamekwisha kuwapa taji, na aliyemvika mtu taji hana tena nafasi ya kumwonyesha kasoro ndogo. Kilichobaki kwake ni kuendelea kumtukuza au kumpindua.

Albamu ya pili, Souvlaki, ilitengenezwa katika mazingira magumu kuliko ya kwanza. Halstead na Goswell, waliokuwa wapenzi, walikuwa wameachana ingawa walibaki katika kundi moja, na nyimbo takribani 40 walizokuwa wameziandaa zilikataliwa na McGee kwa maneno yasiyo na adabu, jambo lililowafanya waanze upya. Halstead alijitenga kwa muda katika nyumba ndogo huko Wales, akarudi na nyimbo zilizo wazi zaidi, miongoni mwazo “Dagger”, unaofunga albamu kwa gitaa la kawaida na sauti isiyofichwa na kitu. Brian Eno, mwanamuziki na mtayarishaji mkongwe aliyeheshimika kwa kazi zake za sauti tulivu, alikubali kufanya nao kazi kwa muda mfupi, na alama yake imo katika nyimbo mbili. Jina la albamu, ambalo ni la nyama ya kuchoma ya Kigiriki iliyotungwa kwenye kijiti, yaani mishkaki ya huko, lilitokana na mzaha wa simu uliorekodiwa na wachekeshaji wa Marekani, na lilichaguliwa na watu ambao bila shaka walikuwa wamechoka kuchukuliwa kuwa malaika wasiocheka.

Souvlaki ilipotoka mwaka 1993, wenye kuonja walikuwa wamekwisha kuhamia kilabu kingine. Mhakiki mmoja wa Melody Maker aliandika kwamba afadhali azame katika hodhi la kuogea lililojaa uji kuliko kuisikiliza tena, na sentensi hiyo, ambayo haimwambii msomaji gitaa linasikikaje au wimbo unaendaje, ndiyo ambayo wanamuziki wameulizwa na kuikumbuka katika mahojiano ya miaka mingi baadaye. Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini hapa ni mpangilio wa matukio: sifa zilimwagwa juu ya ahadi, na kejeli zikamwagwa juu ya utimilifu wake. Kazi ilipokuwa changa iliitwa ya ajabu, na ilipokomaa, ikapata nyimbo zenye mifupa na ukimya wenye kazi, ikaitwa uji. Kama kuna aliyetia maji katika tembo hilo, hakuwa mgema.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Toleo la Marekani lilicheleweshwa hadi mwaka 1994, na Creation, ambayo karibu nusu yake ilikuwa imeuzwa kwa kampuni ya Sony mwaka 1992, ilipata kundi jipya la Oasis lililouza kwa wingi na kuyapa magazeti ugomvi wa kutosha kila wiki. Slowdive wangeweza kukimbilia mtindo huo mpya wa nyimbo za kuimbwa na umati, lakini Halstead alielekea upande wa pili kabisa, kwenye muziki wa elektroniki na ukimya, na albamu ya tatu, Pygmalion, iliyotoka Februari 1995, ilikuwa na magitaa machache, ngoma chache zaidi, na vipande vya sauti vilivyorudiwarudiwa hadi vikaonekana kusimama. Wiki moja baada ya kutoka kwake kampuni ikavunja mkataba. Halstead na Goswell walianzisha Mojave 3, kundi la nyimbo tulivu zenye asili ya muziki wa mashambani wa Marekani, Savill akaunda kundi la Monster Movie, na Scott akajikita katika sanaa ya kurekodi sauti za mazingira.

Kanda ya Souvlaki ilimfikia mwandishi wa makala haya katika kipindi hicho cha kusahaulika, ikiwa nakala iliyotolewa kwenye kanda tupu na rafiki aliyerudi kutoka masomoni Uingereza, bila jalada na bila majina ya nyimbo. Jambo la kwanza alilolifanya baada ya dakika mbili za kusikiliza lilikuwa kuisimamisha redio-kaseti, kuufungua mlango wake na kukisafisha kichwa cha kusomea kanda kwa pamba iliyolowekwa spiriti, kwa kuwa aliamini kwamba sauti ile iliyofunikwa ilitokana na vumbi au na kanda iliyopigwa na unyevu. Kichwa kilipong'aa na sauti ikabaki vile vile, hukumu yake ilikuwa kwamba waliorekodi hawakujua kazi. Msikilizaji huyo alikuwa amelelewa katika taarabu, ambamo mwimbaji huketi mbele, shairi husikika silabi kwa silabi, na msikilizaji hupeleka tuzo jukwaani kwa sababu ya mstari uliomgusa. Katika malezi hayo, wimbo ambao maneno yake hayashikiki ni sawa na barua iliyolowa mvua.

Ilichukua usiku mmoja wa umeme kukatika, betri mpya na vipokea sauti vya masikioni, ili kosa la kipimo lionekane. Taarabu humficha mtu ndani ya maneno: mwimbaji hutaja waridi au paka, na kila aliyeko ukumbini anajua ni nani anayepigwa fumbo. Popu ya ndoto huyaficha maneno yenyewe ndani ya mlio, kwa hiyo fumbo lake haliko katika nani anayesemwa, bali katika kama kuna linalosemwa, na msikilizaji huachiwa kazi ya kulijaza pengo hilo kwa huzuni au furaha aliyokuja nayo. Aliyesikia hivyo huacha kulalamika kwamba maneno hayasikiki, kama ambavyo mtu halalamiki kwamba filimbi haitamki irabu. Fundisho lililotoka hapo ni kwamba kila kazi ya sanaa huja na mizani yake, na mhakiki anayeipima kwa mizani ya jirani, iwe mizani ya taarabu au ya Nirvana, hutoa uzito ulio sahihi kwa hesabu lakini wa kitu kingine.

Wakati wanamuziki wakiendelea na maisha yao, muziki wao ulikuwa ukitembea bila wao. Mwaka 2002 kampuni ndogo ya Berlin, Morr Music, ilitoa mkusanyiko ambamo wasanii wa muziki wa elektroniki walizipiga upya nyimbo za Slowdive kwa namna yao, na intaneti ilipoanza kusambaza muziki, vijana waliozaliwa baada ya ugomvi wa magazeti waliikuta Souvlaki ikiwa albamu tu, bila kejeli iliyoambatana nayo. Melody Maker, lililokuwapo tangu mwaka 1926, lilikoma mwaka 2000 kwa kuunganishwa na NME, hivyo kwamba hakimu alikwisha kuzikwa kabla mshtakiwa hajamaliza kukata rufaa. Kundi lilitangaza kurudi Januari 2014, na katika tamasha la Primavera Sound huko Barcelona likajikuta mbele ya umati uliojaa watu ambao hawakuwa na umri wa kununua santuri mwaka 1993. Albamu ya nne, iliyopewa jina la kundi, ilitoka Mei 2017, miaka 22 baada ya Pygmalion, na ya tano, Everything Is Alive, iliyotolewa Septemba 2023 na kuwekwa wakfu kwa mama yake Goswell na baba yake Scott, waliofariki mwaka 2020, iliingia nafasi ya 6 katika chati ya albamu ya Uingereza, mahali ambapo kundi hilo halikuwahi kufika ujanani.

Wahakiki wa leo huiweka Souvlaki miongoni mwa albamu bora za aina yake, karibu kabisa na Loveless ya kundi la My Bloody Valentine, na sifa hizo ni za haki, lakini ni busara kuzisikiliza kwa sikio lile lile lililojifunza kutoamini kejeli. Sifa inayotawaza humwinua msanii juu ya wenzake bila kueleza alichofanya, na kwa kuwa haina mzizi katika kazi, upepo ukigeuka hung'oka na kuangukia alipokaa yule yule aliyeinuliwa. Sifa inayoeleza huanza na mkono: uzi umeguswaje, ngoma imenyamaza wapi, kwa nini sauti mbili zikitembea pamoja zinauma kuliko moja. Ya pili huzeeka polepole, kwa sababu hata msomaji asiyekubaliana nayo anaweza kuichukua, kuirudia albamu na kuihakiki. Uimara wa Slowdive ulitokana kwa sehemu na kutoandika wimbo wowote wa kumjibu aliyewasifia wala aliyewakejeli, na Pygmalion, albamu iliyowagharimu mkataba, ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba waliendelea kusikiliza kile kilichokuwa ndani ya chumba cha kurekodia badala ya kilichokuwa kibandani kwa muuza magazeti.

Kwa mwandishi wa makala haya fundisho hilo lilikuja na deni. Katika miaka ya kazi yake gazetini, akiwa na saa mbili kabla ya ukurasa kufungwa, alisikiliza nusu ya upande wa kwanza wa kanda ya bendi changa ya dansi, akaandika sentensi tatu, na katika ya mwisho akaifananisha sauti ya mwimbaji na ya muuza samaki anayenadi baada ya soko kufungwa. Chumba cha habari kilicheka, mhariri akasifu, na siku ya pili gazeti lilikuwa limekwisha kufungia maandazi. Miaka kumi na zaidi baadaye, katika msiba wa mtu waliyemfahamu wote, kiongozi wa bendi ile alikaa naye kwenye mkeka mmoja, akamwamkia kwa heshima, na maongezi yalipofika kwenye muziki akamwambia, bila hasira, kwamba mwimbaji wao aliacha kuimba mwaka ule ule. Mwandishi hakukumbuka ameandika nini. Mwenzake aliinamisha kichwa kidogo, akaanza kuzisoma zile sentensi tatu kwa moyo, polepole, akisimama penye kila mkato.